Nyekundu ya Kumi na Tano

Sehemu ya Saba

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, saa kumi na robo jioni, nilitia saini yangu chini ya maneno ambayo hayakuwa kweli.

Haya nayaandika kwa mkono wangu. Mwalimu Eufrasia, aliyenifundisha kusoma katika darasa la watu wazima pale Kambarage, amesahihisha nukta na mikato tu. Nilipomwomba anilainishie ile sentensi ya kwanza, alinirudishia daftari.

"Hiyo iache ilivyo, Mama Lusia," alisema.

Kwa ambaye hakupata gazeti wiki zilizopita, nitasema kwa kifupi. Nilitoka Mhunze nikiwa mjane, nikapata kazi ya kupiga deki katika klabu moja ya zamani hapa Shinyanga mjini. Ndani yake mna meza kubwa ya snuka iliyoletwa na marehemu baba yake Mzee Firoz, katibu wa klabu. Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka arobaini na tatu, na namba nilizozisoma kwanza zilikuwa za ubao wa pointi. Mzee Firoz alipogundua kwamba najumlisha haraka kuliko wachezaji, alinifundisha sheria zote, akanivalisha glavu nyeupe za mwamuzi.

Binti yangu Lusia aliolewa na kijana aliyekuwa akipiga brashi kitambaa cha meza hiyo, na kila asubuhi akicheza peke yake kabla wanachama hawajafika. Kazi ya brashi haikuweza kulisha watu wawili. Akaenda Katoro kuchimba dhahabu. Mwezi Machi duara, yaani lile shimo la wachimbaji, liliporomoka juu yake na wenzake wawili. Alitolewa hai yeye peke yake, baada ya kufukiwa kwa muda wa saa kumi na moja. Baada ya wiki mbili akashuka tena shimoni. Lusia ana mimba ya miezi saba.

Baba yake Mzee Firoz aliacha andiko. Mtu yeyote atakayefikisha pointi mia moja arobaini na saba kwa mkupuo mmoja, katika mashindano, juu ya meza yake, atapewa kazi ya kuitunza na kufundisha, pamoja na vyumba viwili vya uani, kwa maisha yake yote.

Mia moja arobaini na saba ni mwisho wa hesabu ya mchezo huu. Mchezaji huingiza mipira myekundu kumi na mitano katika mashimo ya meza, na baada ya kila nyekundu huingiza nyeusi, ambayo mwamuzi huirudisha mezani. Kisha humaliza rangi zote sita kwa mpangilio wake. Akikosa mara moja tu, anaketi. Kwa miaka hamsini na tisa hakuna aliyeweza. Bwana Jignesh, mwenye duka la vipuri, aliwahi kufika mia moja ishirini na tisa, bluu ikamgomea mdomoni mwa shimo. Hajaacha kuisimulia.

Wiki iliyopita niliwaacha pale mkwe wangu alipokuwa na pointi themanini na nane. Nyekundu nne zimebaki, na Bwana Jignesh, mpinzani wake, amekaa kwenye kiti chake akipangusa miwani.

Wasomaji wawili wameandika kuuliza kwa nini silitaji jina la mkwe wangu. Kwetu Usukumani mama mkwe hatamki jina la mume wa binti yake. Hampi mkono, hamtazami usoni, na akimkuta ameinama au amejinyoosha, hugeuza macho. Najua wengi wameyaacha haya. Mimi sijayaacha. Kwa miaka minne sikuwahi kulitamka, na hata kwenye karatasi ya pointi siku ile jina lake aliliandika Mzee Firoz.

Sikutakiwa kuwa mwamuzi wa mchezo huo. Alipangwa mwamuzi mwenzangu, Thobias, akapatwa na msiba asubuhi.

"Mzee, siwezi," nilimwambia Mzee Firoz. "Yule ni mkwe wangu."

"Mimi nimemwamua baba mkwe wangu miaka ishirini. Nilimpigia faulo siku ya Idi, akaninunia mpaka Idi iliyofuata."

"Ninyi mnatazamana, Mzee."

"Wewe tazama mipira, Mama Lusia. Nani amekwambia umtazame mtu?"

Niliona ni jibu la haki. Nikavaa glavu.

Basi tukawa tunazungukana. Nikija mezani kurudisha nyeusi, mkwe wangu anakwenda kona ya mbali na kugeukia ukuta. Nikiondoka, ndipo anarudi. Marselino, mchimbaji mwenzake aliyepanda naye basi kutoka Katoro, hakuweza kunyamaza.

"Jamani, hii ni snuka au kombolela?"

Watu wakacheka. Marselino ni mtu mnene, na shati la mikono mirefu alilovaa mkwe wangu lilikuwa lake, kwa kuwa sheria ya klabu hairuhusu mikono mifupi. Lilimpwaya kila upande. Kifungo cha mkono wa kulia hakikuwepo.

"Shati langu hilo, fundi," Marselino akaendelea. "Ukishinda, chumba kimoja ni changu."

"Mwambieni mtazamaji anyamaze," nikasema.

Akanyamaza.

Tisini na sita. Mia na nne. Mia moja na kumi na mbili. Nilirudisha nyeusi mahali pake.

Nyekundu ya mwisho, ile ya kumi na tano, ilikuwa ng'ambo ya pinki. Kati ya mipira hiyo palikuwa na upana wa vidole viwili. Ili aufikie mpira mweupe, ule unaopigwa kwa fimbo, mkwe wangu alilazimika kujinyoosha juu ya pinki yenyewe. Sheria ni moja na haina huruma: ngozi au nguo ya mchezaji ikigusa mpira wowote, ni faulo, na zamu yake imekwisha. Mwamuzi anapaswa kusimama karibu na kutazama hapo tu.

Nilisogea nikasimama karibu.

Mkwe wangu akalala juu ya meza. Mguu mmoja ukabaki sakafuni, mwingine ukainuka. Mgongo wake wote ukanyooka mbele yangu, umbali wa mkono mmoja.

Macho yangu yakashuka yenyewe.

Sikuamua kuyashusha. Nilijikuta natazama vigae nilivyovipiga deki kwa miaka sita, na kile chenye ufa karibu na mguu wa meza. Nikasikia mpira umepigwa. Nikasikia nyekundu imeingia shimoni.

Nilipoinua macho, pinki ilikuwa inatikisika. Ilitikisika kidogo, ikatulia.

Huenda nyekundu iliipapasa ilipokuwa inapita, na hilo si kosa. Huenda ni mkono wa lile shati. Aliyekuwa anatazama angejua. Mimi nilikuwa natazama vigae.

Watu wote waligeuka kwangu. Ningeweza kusema wakati ule. Nilimfikiria Lusia amekaa Katoro akisubiri simu, nikafikiria lile shimo la machimbo.

"Mia moja na kumi na tatu," nikatangaza.

Bwana Jignesh akavaa miwani yake.

"Mama Lusia, pinki imecheza."

"Nimeona, Bwana Jignesh."

"Nyekundu ndiyo iliyoigusa?"

"Nimeona."

Akaegemea kiti. "Kama mama umeona, basi."

Angebisha ingekuwa nafuu kwangu.

Nyeusi ikaingia, mia moja na ishirini. Njano. Kijani. Kahawia ikazunguka mdomo wa shimo kabla ya kukubali. Bluu, ile iliyomgomea Bwana Jignesh, iliingia bila kugusa ukingo, naye mwenyewe akagonga kitako cha fimbo yake sakafuni kwa heshima. Pinki, mia moja arobaini.

Nyeusi ilibaki peke yake na nyeupe, urefu wa meza nzima kati ya mipira hiyo. Mkwe wangu alipaka chaki. Akapaka tena. Marselino alikuwa amejifunika uso kwa kofia.

"Mtaniambia," alisema humo ndani ya kofia.

Mkwe wangu akapiga. Nyeusi ikaenda taratibu kiasi kwamba nilidhani haitafika.

"Imeingia?" Mzee Firoz akauliza. Macho yake hayafiki tena kwenye kona ile.

"Imeingia, Mzee. Mia moja arobaini na saba."

Mzee Firoz akatafuta leso, hakuiona, akatumia mkono wa koti. Kisha akafungua kabati la baba yake, akatoa karatasi iliyokuwa imengoja humo tangu kabla sijazaliwa. Maneno yake ni machache: Mimi, mwamuzi, nimeona kwa macho yangu kila mpira, na hapakuwa na kosa.

Zamani ningebonyeza dole gumba, na mtu angeniambia kilichoandikwa. Mwalimu Eufrasia alitufundisha tofauti yake wiki ya kwanza ya darasa. Dole gumba linasema ulikuwepo, alisema. Saini inasema umesoma na umekubali.

Nilisoma. Nikatia saini, kwa herufi nzuri, bila kukosea hata moja.

Jumapili mkwe wangu alirudi Katoro, akakabidhi taa yake ya kichwani na kamba, na nafasi yake duarani ikachukuliwa na mtu mwingine siku hiyohiyo. Lusia alinipigia.

"Mayu, nafunga vyombo. Mtoto atazaliwa mjini."

"Vizuri, mwanangu."

"Mbona sauti yako hivyo?"

"Mafua."

Jumatano, tarehe 18, nikiwa naanika vitambaa vya meza uani, alikuja Khushbu, binti yake Bwana Jignesh. Alikuwa amerekodi mchezo wote kwa simu, aliyoiegemeza kwenye ubao wa pointi.

"Shikamoo, anti."

"Marahaba. Baba hajambo?"

"Hajambo. Anti, naomba uangalie hapa."

Nikaangalia. Mkwe wangu amejinyoosha juu ya meza. Mkono wake na pinki havionekani, kwa kuwa nimesimama mbele yake, mwili wangu umeziba. Nikataka kupumua. Ndipo nikauona uso wangu. Ulionekana kama uso wa mtu aliyepigwa picha ya kitambulisho, wazi kabisa, na macho yalikuwa chini. Yalikuwa chini tangu alipojinyoosha mpaka nyekundu ilipoingia.

"Rudisha," nikasema.

Akarudisha. Yalikuwa chini vilevile.

Sasa nakiri jambo la pili, ambalo ni baya kuliko la kwanza, kwa sababu hili niliamua.

"Khushbu, mwanangu, ifute."

"Anti, nimeshaituma kwenye grupu la klabu. Niliituma tangu Jumapili, watu walikuwa wanataka kuona nyeusi ya mwisho. Leo asubuhi ndiyo mtu ameuliza mbona mwamuzi anatazama chini. Nimekuja uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa wengine."

"Baba yako ameona?"

"Ameona."

"Amesema nini?"

"Hajasema. Amekunywa chai, ameenda dukani."

Jioni hiyo Mzee Firoz alituma ujumbe kwamba kamati itakaa Jumamosi. Nikampigia Lusia.

"Mwanangu, nataka umuulize mumeo neno moja. Ile nyekundu ya mwisho, mkono wa shati uligusa pinki?"

"Mayu, unataka nimuulize mume wangu kama ni mwizi?"

"Nataka umuulize kama aligusa."

"Wewe hukuwa pale?"

Akakata simu.

Alipiga baada ya saa moja.

"Nimemuuliza. Amesema hilo ni swali la mwamuzi, si la mke. Mwamuzi akimuuliza, atajibu."

"Anajua siwezi kumuuliza."

"Anajua. Ametoka kwenda kukaa nje, na ugali ameuacha. Mayu, mtu aliyechukua nafasi yake ameshashuka shimoni mara tatu. Hatuna pa kurudi."

Jumamosi, tarehe 21, saa nne asubuhi, tulikutana palepale. Meza ilikuwa imefunikwa. Kamati ilikaa upande mmoja, Mzee Firoz katikati. Bwana Jignesh alikuwa peke yake karibu na dirisha. Mkwe wangu alikaa benchi la ukutani na Marselino, nami nikawapa mgongo kama inavyotakiwa. Lusia alikuwa mlangoni, amekalia sanduku lake la nguo, mikono juu ya tumbo. Walikuwa wameshuka basi asubuhi hiyo na mizigo yote.

Mzee Firoz akanisogezea karatasi.

"Saini hii ni yako, Mama Lusia?"

"Ni yangu."

"Uliona?"

Usiku kucha nilikuwa nimetunga majibu matatu mazuri. Moja lilikuwa la jinsi mwanga wa dirishani ulivyonipiga machoni.

"Sikuona," nikasema. "Nilishusha macho. Mtu aliyelala juu ya meza alikuwa mkwe wangu, nikashusha macho kama ninavyofanya nyumbani. Niliinua nikaikuta pinki inatikisika. Sijui kilichoitikisa. Bwana Jignesh aliponiuliza, nilimdanganya. Na Jumatano nilimwomba binti yake afute picha."

Nyuma yangu Marselino akaguna kama mtu aliyeangukiwa na gunia.

Bwana Jignesh alikuja akasimama mbele yangu.

"Mama, miaka thelathini naitafuta hiyo namba. Ukisema safi, naondoka na roho nyeupe. Ukisema faulo, naondoka na roho nyeupe. Lakini kuambiwa umeona, kumbe hukuona..." Akatikisa kichwa. "Hilo limeniuma."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe. Ngoja kwanza tumalize hili."

Mzee Firoz alikuwa amefungua andiko la baba yake na kulisogeza karibu na pua.

"Baba alilifikiria," akasema. "Anasema hapa, mwamuzi asipoona, mchezaji ataulizwa kwa heshima yake, na atakachosema ndicho. Na atakayemuuliza ni mwamuzi."

"Nitakubali jibu lake," Bwana Jignesh akasema.

"Basi ulizeni ninyi wazee," Marselino akaomba. "Mwacheni mama. Mila ni mila. Mzee Firoz, wewe uliza, yaishe."

Mzee Firoz akanitazama. Nikaona yuko tayari kuuliza badala yangu, na kwamba hakuna mtu ndani ya chumba kile ambaye angenilaumu. Ningebaki nimewapa mgongo. Ningesikia jibu kwa masikio tu, kama nilivyoisikia ile nyekundu.

Nikavaa glavu zangu, moja, kisha ya pili. Nikageuka.

Nilimtazama mkwe wangu usoni, kwa mara ya kwanza tangu achumbie kwangu. Ana kovu chini ya jicho la kushoto, refu kama kidole, bado jekundu. Ni la mwezi Machi. Kila mtu chumbani alilifahamu isipokuwa mimi.

"Mihayo," nikasema.

Marselino akavua kofia. Lusia akainuka kwenye sanduku.

"Mihayo mwanangu, mimi ndiye mwamuzi. Ile nyekundu ya kumi na tano, ulipokuwa umejinyoosha, shati lako liligusa pinki?"

Hakushusha macho. Alimtazama Lusia mlangoni, akatazama tumbo lake, kisha akanirudia mimi. Akasimama.

"Mama," akasema. Alichonijibu nitakiandika wiki ijayo.

Na wewe uliyenisoma mpaka hapa, nakuomba usifungie karanga ukurasa huu. Kwa miaka arobaini na tatu magazeti yalinifikia yakiwa yamefungiwa karanga, na maneno ya watu ndani yake sikuyajua. Mpe aliye karibu nawe. Kama hajui kusoma, msomee polepole, na ukifika kwenye jina la mkwe wangu, litamke kwa sauti.